Karate ya Jumamosi Pasiansi: Doto alipokelewa, Kulwa akarudishwa

Nina mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Wamepishana dakika kumi na tano kuzaliwa, wanakula sahani moja, na viatu nanunua pea mbili za namba ile ile. Mwaka jana mwezi wa pili niliwapeleka karate Pasiansi, hapa Mwanza, wakiwa na miaka mitano na nusu. Mwalimu akampokea Doto, Kulwa akamrudisha. Nilikasirika hadi nikapitiliza kituo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba. Siku hizi wazazi wananiuliza nikiwa na pini mdomoni: "Mama Kulwa, wa kwangu ana miaka minne, nimpeleke?" Wananiuliza kwa sababu suti za watoto wengi wa darasa lile nazishona mimi, kwa hiyo mjue mapema kwamba nina maslahi. Darasa likijaa, na mimi nakula. Hata hivyo nitasema na mabaya yao.

Kabla ya Pasiansi tulipita sehemu nyingine mjini, sitaitaja. Bango lao lilisema watoto kuanzia miaka mitatu. Wangu walikuwa na minne na miezi mitano, nikaona wamechelewa hata. Ada 40,000 kwa mwezi kila mmoja, na suti lazima ninunue kwao, 55,000 moja. Mimi fundi, ninunue suti! Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikazigeuza ndani nje: mshono mmoja tu, hakuna ovaloki, na msambani hawakuweka kipande cha pembe nne. Suruali ya karate isiyo na kile kipande ni ya kuendea kanisani. Ya Doto iliachia wiki ya pili.

Ukumbini watoto walikuwa kama thelathini kwa mwalimu mmoja kijana, sakafu saruji tupu. Wa miaka minne na wa miaka kumi na mbili mstari mmoja, saa moja na nusu bila kukaa. Dakika ya ishirini wadogo wote walikuwa wameshachoka kusikiliza: mmoja anafungua mkanda wake anaufunga kwa mwenzake, mwingine amelala chali anahesabu mapanga ya feni, Kulwa anazunguka nguzo. Anayekosea anapigishwa pushapu kwa ngumi, juu ya saruji ile ile. Mdogo wangu ni nesi. Nilipomwonyesha vidole vya Doto vilivyochubuka aliniuliza kama nina akili timamu. Mifupa ya mtoto, akasema, ncha zake bado laini na ndiko inakokulia, wewe unamlipa mtu aipondeponde?

Na kuna jambo ambalo hakuna bango linalolitaja: choo. Suruali ya dukani ina kamba kiunoni, juu yake mkanda umezungushwa mara mbili na kufungwa fundo. Mtoto wa miaka minne hafungui fundo. Kulwa alirudi nyumbani mara mbili na kaptura ya kuazima.

Tuliondoka pale kwa sababu mbili, zote za wiki moja. Ya kwanza, Doto alipigwa teke la tumbo na mtoto wa miaka tisa hivi wakati wa kupambana, mwalimu ameshika simu. Ya pili ilitokea kwangu kazini. Nilikuwa na mteja wa gauni la sherehe, nimembana kwa pini mwili mzima, hawezi hata kugeuka. Mwanawe wa miaka mitatu akagusa gari la Kulwa la makopo. Nikasikia "kiaaai!" halafu kilio. Mama wa watu anataka kukimbilia mwanawe na pini zinamchoma kila upande. Yule mteja sijamwona tena. Kulwa yeye alikuwa anasubiri nimsifu, maana teke lilikuwa zuri.

Miezi kumi na moja sikutaka kusikia neno karate.

Sasa Pasiansi. Unapanda daladala za Airport, unashuka, unatembea dakika tano. Ukumbi ni wa kawaida, bati juu, chini mikeka ya sponji ya rangi rangi ile ya kuunganisha kama meno. Sitaji jina kwa kuwa mwalimu mwenyewe ameniomba: watoto ni kumi na sita, haongezi, na simu zinamsumbua. Ni mtu wa makamo, siku za kazi ni fundi wa injini za boti, na hata akiwa ndani ya suti nyeupe mikono inanukia petroli. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza umri wa watoto. Aliitikia, kisha akachuchumaa akamgeukia Kulwa.

"Unataka nini huku?"

"Kuruka kama wale wa kwenye TV."

"Na wewe?"

Doto alinyamaza muda mrefu, nikataka kumjibia, mwalimu akaniinulia kidole. "Nataka kujua kufunga ule mkanda," Doto akasema, kwa sauti yake ile ya kunong'ona.

Nikaambiwa nikakae nje chini ya mwembe, mlango wazi. Kwa hiyo niliona yote. Kwanza aliwaambia wavue ndala wazipange ukutani. Mmoja alipanga, mwingine nilimwona akivua kwa kurusha mguu. Kisha wakae kwa magoti, mikono juu ya mapaja, mpaka atakapowaita majina. Akakaa kimya. Nadhani haikufika dakika mbili lakini pale chini ya mwembe niliiona saa nzima. Halafu kushoto, kulia, mguu mbele, mguu nyuma. Kulwa alikuwa mwepesi kuliko mwenzake, hilo nalisema bila upendeleo, na moyoni nikajua huyu ndiye.

Mwisho akashika padi, ule mto wa kupigia mateke. "Piga mpaka niseme yame. Nikisema yame, acha."

Yame ni Kijapani, maana yake acha. Kwetu neno lenyewe linaning'inia: yame... yamefanyaje? Watoto wa kule wakilisikia mara ya kwanza wanasubiri liishe. Kuhesabu nako ni hivyo hivyo, ichi, ni, san. Doto wiki nzima alitembea nyumbani akisema "nchi ni san" mpaka bibi yake akamwuliza ni nchi gani hiyo.

Doto alipiga matano, akasikia yame, akashusha mguu. Kulwa alipiga matano mazuri, yame, akapiga la sita, la saba, na la nane likampata mwalimu kidole gumba. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ni ile furaha ya kuona kitu kinalia "pa!"

Nilikuwa nimeshashika 40,000 mkononi, 20,000 ya kila mmoja. Mwalimu akatoa noti mbili za elfu kumi, nyingine akanirudishia.

"Huyu nimempata. Huyu bado, mama."

"Bado nini, Mwalimu? Hawa ni mapacha."

"Injini ya huyu ni nzuri kuliko ya mwenzake. Ila boti haina breki, Mama Kulwa. Anayeiendesha lazima ajue kuzima mapema. Nikimwambia zima hazimi, nitamfundishaje kupiga?"

Akauliza wanapenda michezo gani mtaani. Nikamwambia kombolela, mpira, rede. "Kwenye rede, akipigwa anatoka?" Hapo nilicheka japo nilikuwa nimenuna. Kwa maelezo yake mwenyewe, Kulwa hajawahi kupigwa na mpira wa rede tangu azaliwe. "Haijanigusa! Imegusa shati!" Mtaa mzima wa Kilimahewa unaijua sauti hiyo. "Siku atakayotoka mwenyewe bila kusukumwa," mwalimu akasema, "mlete hata kama ni katikati ya mwezi."

Ndiyo siku niliyopitiliza kituo, Kulwa analia upande huu, Doto upande ule hajui kama aruhusiwe kufurahi.

Hasira iliisha Jumatatu, na iliishia kwenye futi. Kila Desemba na Januari napima watoto wanaoingia darasa la kwanza, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Kuna mtoto ukimwekea futi shingoni anashika pumzi, anasubiri, anakutazama machoni mpaka uandike. Na kuna anayezunguka nayo mpaka anajifunga kama mahindi kwenye jani. Wote wametoka shule ya awali moja, umri ule ule. Miaka yote hiyo sijawahi kumwuliza mtoto tarehe yake ya kuzaliwa ili nijue kama atasimama. Naona tu anavyoingia mlangoni. Sasa kwa nini bango la miaka mitatu liliniingia akilini? Ukinibana nikupe namba, wengi wanaosimama vizuri mbele yangu wana kati ya miaka mitano na nusu na saba. Ila nimempima wa minne na nusu aliyesimama kama askari wa gwaride, na wa minane aliyenichania karatasi ya vipimo.

Suti zote mbili nilikuwa nimeshazishona. Nilitumia marekani nzito, mita mbili na nusu kwa kila mmoja, ikalowekwa usiku kucha kwanza maana inarudi. Msambani kipande cha pembe nne, mishono mara mbili, kiunoni lastiki badala ya kamba, nanyi mnajua kwa nini. Mwalimu alinieleza kwamba suti na mikanda ya karate viliazimwa kwa judo ya Jigoro Kano, Mjapani aliyeuanzisha mchezo huo, nikaelewa kwa nini suti za judo ni nzito kuliko za kwetu: kule wanavutana makola. Ya Doto akaivaa. Ya Kulwa nikaitundika msumarini nyuma ya cherehani.

Darasa lenyewe likoje? Wadogo wanasoma dakika arobaini na tano, Jumamosi saa tatu asubuhi na Jumatano jioni. Robo ya muda wanatambaa kama kaa, wanaruka kama chura, wanakimbia na kuganda akipiga kofi. Mwezi wa kwanza karibu wote ni kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka kabla ya mgongo. Wakati ule niliona napoteza hela, namlipia mtoto kuanguka wakati kwetu Kilimahewa anaanguka bure juu ya mawe. Mwezi wa tano akateleza kweli kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akaanguka vile vile alivyofundishwa, kidevu kifuani. Nikanyamaza.

Kupigana hakuna kwa hawa wadogo. Ngumi zinapigwa hewani au kwenye padi, na kichwa cha mwenzako hakiguswi hata kwa mzaha. Mdogo wangu alinisomea ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani: mazoezi ya bila kugusana ndiyo yenye usalama zaidi, mashindano ya kugongana yasubiri mpaka mtoto awe amekomaa mwili na akili, mapigo ya kichwani yasiwepo, na kofia za kinga zisiwadanganye watu kwamba zinazuia mtikisiko wa ubongo. Nilimpelekea mwalimu kama habari mpya. Akaniambia vizuri, kisha akaendelea kukaza boliti. Nilikuwa nimemkuta kwenye injini.

Kata ya kwanza wanayoifuata, yaani mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa, ni Heian Shodan, ina hatua ishirini na moja. Asili yake ni Anko Itosu wa Okinawa, aliyezipanga kata za kundi la Heian mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Na Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, naye kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Mwalimu wetu anapenda kulisema hili kwa wazazi wanaotaka mtoto wao avunje tofali. Doto ilimchukua miezi sita kuimaliza hiyo kata, na mpaka leo akizubaa anamalizia ameupa mwalimu mgongo. Kuna baba mmoja alikuwa anaota Olimpiki. Akaambiwa kistaarabu ampeleke mtoto judo au taekwondo, maana karate ilishindaniwa Tokyo tu, ile michezo iliyosogezwa hadi 2021, na Paris 2024 haikuwemo.

Kilichobadilika kwa Doto ni sauti. Alikuwa akiamkia wateja hawamsikii, wanadhani hana adabu. Ile kazi ya kupiga kiai, ule ukelele wa karate, mbele ya wenzake ilimfungua koo. Sasa "shikamoo" yake inafika mpaka kwa muuza chipsi. Kuhusu kuonewa shuleni, mwalimu ana sheria moja: ukitumia karate shuleni unakaa nje wiki mbili na suti yako umeivaa, unatazama. Nimemwona mmoja akikaa hivyo. Ni adhabu kali kuliko fimbo, mtoto alikuwa anakunja vidole vya miguu kila wenzake wakihesabu.

Mabaya sasa. Choo ni kiza na komeo liko juu mno, mtoto hafikii, kwa hiyo mmoja anaingia na mwingine anashika mlango. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele, amri hazisikiki, nusu ya watoto wanafuata walio mbele na walio mbele wanabahatisha. Vijidudu vya ziwani vikija jioni ya Jumatano vinaingia madirishani kama moshi, na ukumbuke hawa ni watoto wanaopiga kelele midomo wazi. Kisanduku cha huduma ya kwanza hakikuwepo mpaka sisi wazazi tulipochanga 3,000 kila mmoja. Mtihani wa mkanda ni 15,000, na tuliambiwa wiki moja kabla. Kubwa kuliko yote: mara mbili mwalimu hakutokea. Boti ya mtu ilikuwa imekwama Mwaloni, yeye yuko chini ya injini, simu imezimwa, sisi tumekaa chini ya mwembe mpaka saa nne na nusu. Nafahamu kazi ya ufundi, mteja akikaba amekaba. Lakini mimi nisipomaliza gauni namtumia mtu ujumbe. Ile ada haikurudishwa wala siku hazikufidiwa. Kwa haya, kati ya nyota tano nawanyima moja, nne zinabaki.

Nyumbani Kulwa alibaki na mimi Jumamosi. Sikumpa mafunzo yoyote ya maana. Nina cherehani ya zamani ya kukanyaga, nikaitoa sindano, nikachora mstari wa chaki kwenye kitambaa: kanyaga, ukifika kwenye chaki simama. Anaipenda sana ile cherehani, inavyonguruma. Mwezi wa tatu alikuwa anapita mstari kwa shubiri nzima. Mwezi wa tano, vidole viwili. Hakuwa anafanya makusudi, na ndicho nilichokiona pale kwa karibu: jicho lilikuwa limeshaiona chaki, mdomo umeshasema "nimefika", ila mguu haujapata habari. Nilikuwa nimemchapa mara ngapi kwa jambo kama hilo, nikidhani ni kiburi?

Mwezi wa tisa, jioni, nilikuwa natoa nguo kwenye kamba. Chini wanacheza rede. Mpira ukampata Kulwa muundini. Akafungua mdomo, nikajua inakuja ile ya shati. Akaufunga. Akatoka akienda zake huku anaongea peke yake kama mzee aliyedhulumiwa, akakaa juu ya jiwe.

Jumamosi nikateremsha suti msumarini. Alikuwa amerefuka, suruali inamwishia juu ya vifundo vya miguu. Bahati nilikuwa nimeacha pindo la inchi tatu, nikalifumua asubuhi ile ile, nikapiga pasi. Mstari wa pindo la zamani haukutoka, uko pale mpaka leo, umezunguka mguu kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko.

Mwalimu akashika padi. Kulwa akapiga moja, mbili, tatu, anainua la nne. "Yame!" Akaganda mguu ukiwa hewani, akayumba, akaanguka kwa matako mbele ya watoto wote, kidevu hakukikumbuka. Mwalimu akaninyooshea mkono kule chini ya mwembe, kiganja wazi. Nikampelekea 20,000.